Sekunde Nne za Bibi Otilie

Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi,
theluji ya Moravia ikiwa imefika madirishani
na harufu ya samaki wa juzi haijatoka jikoni,
tunakokota viti, tunazima taa,
na baba anaigonga televisheni ubavuni
ingawa ni mpya, haina kosa lolote.

Filamu tunaijua kama ngazi za nyumba gizani.
Mtoza kodi, bahili hata wa salamu,
anamnyang'anya mjane bata bukini wake wa mwisho;
kukipambazuka ana manyoya, ana mdomo wa manjano,
ana shingo ya kuchungulia aibu yake mwenyewe.
Katika ufalme mzima, wa kuielewa lugha yake
ni mmoja tu: mama mkwe.

"Mama, ni mimi, mkweo!"
Naye, akinoa kisu: "Najua."

Hapo Bibi Otilie alikuwa akilitamka pamoja naye,
"Najua,"
huku akimgeukia baba,
na baba akijificha nyuma ya bakuli la karanga.

Mbinu zake zimechakaa, sikatai.
Mwezi ni sinia la bati, na linatetemeka.
Bata ni watano, wanapokezana zamu;
wa tatu ana doa shingoni, na ni wa kuuma.
Redioni msomi mmoja alieleza
kwamba enzi zile mkubwa hakuchekwa hadharani
ila avikwe manyoya kwanza.
Huenda. Jirani yetu Hynek yeye huitazama
kwa ajili ya lango linaloonekana nyuma ya farasi,
lango la babake, lililobomolewa kupisha barabara;
likishapita, huenda zake kulala.

Sisi tunangoja dakika ya arobaini na moja.
Gulio. Bata anakimbizwa. Kulia, nyuma ya pipa,
mwanamke na ndoo ya viazi.
Hakuwa mwigizaji. Alikuwa wa kiwanda cha vifungo,
amekodiwa apite tu, kwa ujira mdogo na bakuli la supu.
Lakini barafu ilikuwa ya kweli.
Pu! Ndoo huko, viazi kule, sketi kichwani,
kisha anainua uso, macho yake yanakutana na ya bata,
na anacheka,
cheko la mtu asiyejua kwamba anatazamwa.
Wakaliacha. Sekunde nne.

Miaka sita iliyopita alianguka tena,
bila kamera, mlangoni pa duka la dawa,
wala hakuinuka.
Krismasi ile hakuna aliyetaka kuigusa rimoti.
"Hadi dakika ya arobaini," baba alisema, "kisha tunazima."
Ikafika arobaini. Hakuzima mtu.
Bibi akaanguka. Kimya kikaketi nasi.
Ndipo Zdislava, mtoto wa dada yangu, miaka mitatu,
akapiga makofi: "Tena!"

Tukarudisha nyuma.
Sikuwahi kuiona ikienda kinyume:
viazi vikatoka mitaroni kimoja kimoja,
vikaruka, vikaingia ndooni kwa utii,
na Bibi akanyanyuka kutoka kwenye barafu
kama aliyeshikwa mkono na mtu mwenye adabu.
"Tena!"
Mara saba alianguka. Mara saba tukamsimamisha.
Mama alicheka hadi akatoka nje kuzoa theluji,
usiku ule, bila koti.

Mwishoni mtoza kodi huurudia utu,
ila majani mabichi bado yanamtoa mate.
Anasimama mlangoni kwa mkwewe, amejifunika gunia.
"Mama, ni mimi, mkweo."
Siku hizi baba huyasema maneno hayo kwa sauti,
akiikabili televisheni kama anayebisha hodi.
Sisi tunanyamaza.
Yule mwanamke anakiweka kisu mezani,
anasogea kando, anapisha njia.
"Najua."